Manne, si mawili

Tangu Jumapili maneno ya Baba yamenikaa kichwani. Nisipoyaandika sitalala.

Mnajua msimamo wake. Tangu nianze mazoezi ya mbio za magari kule Busiika, hajawahi kutaja mbio wala kuuliza vumbi lote hili nimelitoa wapi. Jumapili nilikuwa uani, gari langu Impreza liko juu ya jeki, na yale matairi mawili niliyoyapata soko la vipuri la Kisekka nimeyaegemeza ukutani: 205/55R16, yaani ya rimu ya inchi 16, mtumba wa Japani, meno bado marefu. Akatoka na chai yake, akainama, akapitisha ukucha kwenye vijistari vyembamba vilivyochanjwa juu ya meno, kisha akabonyeza mpira kwa kidole gumba.

"Haya ni ya theluji. Laini mno. Jua letu litayala haraka."

Nikanyamaza.

"Halafu mbona mawili? Gari hili linavuta magurudumu yote. Mbele mapya, nyuma yameisha, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, haipati kupumzika. Chukua manne, si mawili. Na ushuke rimu, uweke ya inchi 15, upate ubavu mrefu wa tairi. Kwenye mawe unataka ubavu."

Akaingia ndani.

Kwenye mawe! Wiki hii mama mdogo ameolewa na kazini wamenihamishia Wobulenzi, lakini mimi nasikia mawe tu. Nimepiga hesabu: 195/65R15 ina ubavu wa milimita 127 hivi, hii yangu 113, na kimo cha gurudumu zima karibu hakibadiliki. Kocha naye kasema ndivyo hasa, jiwe kali likigonga ubavu mfupi hukata tairi au hupinda rimu. Kumbe Baba alikuwa na jibu siku zote, na amenipa bila kuombwa. Jumatatu niliendesha hadi kazini nikiimba.

Jana furaha ikapungua. Huenda ni udereva wake tu, miaka yote ile ya malori ya jeshi, hawezi kuona difu inaharibika akapita. Hata barabara ya murram ya kwa shangazi ina mawe. Halafu nikakumbuka kwamba zamani alikuwa akifuata mbio za magari za Pearl of Africa kwa redio, hatua kwa hatua, hadi 2009 alipofariki dereva Riyaz Kurji mbioni. Tangu hapo redio ile haijawashwa kwa mbio. Kwa hiyo alipokuwa amekibonyeza kile kidole pale kwenye mpira, sijui alikuwa ananiruhusu au anaogopa. Pengine yote mawili, na mimi ndiye nitakayebeba hofu yake kila nikifunga mkanda.

Muuzaji amekubali kuyapokea mawili, niongeze pesa nichukue manne ya 15. Rimu fundi anazo.

Nyanya jicho la kulia limeanza tena kutoa machozi. Daktari wa macho huja Alhamisi tu, na Alhamisi hii niko zamu Wobulenzi. Sijui nani atampeleka.