Curt Flood na mkataba usiokwisha

Wiki hii nimekuwa nikimfikiria sana Curt Flood, mlinzi wa katikati wa timu ya besiboli ya St. Louis Cardinals. Alizaliwa Houston mwaka 1938 na akakulia Oakland, California. Nafasi yake ilimtaka ausome mpira tangu unapotoka kwenye gongo, akimbie akiwa ameupa mgongo, kisha anyooshe glavu pale utakapoangukia, na kazi hiyo aliimudu hata akatunukiwa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, miaka 7 mfululizo, kuanzia 1963 hadi 1969. Msimu mzima wa 1966 aliumaliza bila kuandikiwa kosa hata moja. Cardinals walipotwaa ubingwa mwaka 1964 na 1967, alikuwamo.

Kabla ya hapo alipitia ligi ndogo za majimbo ya Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi, na kuna kisa alichokisimulia mwenyewe ambacho hakinitoki akilini. Siku hiyo timu ilicheza mechi mbili. Baada ya ile ya kwanza aliitupa jezi yake iliyolowa jasho kwenye rundo moja na za wenzake. Mtunza vifaa akaja na fimbo ndefu yenye msumari nchani, akaichomoa jezi hiyo kwa uangalifu kutoka katikati ya jezi za wazungu, ikapelekwa kwa dobi wa watu weusi. Wenzake walirudi uwanjani, naye akabaki ameketi akiisubiri.

Kwangu mimi, Flood wa mwaka 1969 haeleweki bila kijana huyo. Oktoba mwaka ule, baada ya misimu 12, Cardinals walimpeleka Philadelphia Phillies katika mabadilishano ya wachezaji bila kumuuliza neno. Kanuni za wakati huo ziliiruhusu klabu kumshikilia mchezaji hata baada ya mkataba kumalizika, kwa kuurefusha mwaka hadi mwaka, huku yeye akiwa hana ruhusa ya kuzungumza na klabu nyingine. Flood alikataa kwenda. Tarehe 24 Desemba 1969 alimwandikia Bowie Kuhn, kamishna aliyesimamia ligi kuu ya besiboli, kwamba hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake. Kuhn alipokataa ombi lake la kuwa huru kuzungumza na klabu nyingine, Flood alikwenda mahakamani.

Wengi walimshangaa, kwa kuwa alikuwa akilipwa takriban dola 90,000 kwa mwaka, fedha nyingi mno kwa wakati huo. Alipoulizwa kuhusu hilo alijibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Naliona jibu hilo kuwa la haki kabisa, kwa sababu ukubwa wa mshahara haukubadilisha nani alikuwa na uamuzi juu ya maisha yake.

Msimu wa 1970 hakucheza. Mwaka 1971 alijaribu kurudi na Washington Senators, akacheza mechi 13 tu, kisha akaondoka. Juni 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia kwa kura 5 dhidi ya 3, ikishikilia msimamo wake wa mwaka 1922 kwamba sheria za kuzuia uhodhi wa biashara haziihusu besiboli. Desemba 1975 msuluhishi aliamua kwamba wachezaji Andy Messersmith na Dave McNally, ambao walikuwa wamekaa mwaka mzima bila kutia saini mkataba mpya, walikuwa huru kujiunga na klabu yoyote, na hapo kanuni ile ya zamani ikavunjika. Wakati huo Flood alikuwa ameshastaafu.

Alifariki Januari 1997. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina lake, inayowapa wachezaji wa ligi kuu ulinzi alioudai, nami nafurahi kwamba jina hilo limo katika vitabu vya sheria. Hata hivyo, bado nahuzunika ninaposoma habari za kesi yake ya mwaka 1970 jijini New York. Jackie Robinson, mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi kuu ya besiboli katika karne ya 20, ambaye alikuwa amestaafu na afya yake imedhoofika, alikwenda kumtolea ushahidi. Miongoni mwa wachezaji waliokuwa bado uwanjani, ambao ndio wangefaidika, hakufika hata mmoja. Naielewa hofu yao ya kupoteza kazi, lakini Flood naye alikuwa na kazi ya kupoteza, na aliipoteza.