Diski yangu ilisingiziwa kifo

Jumatatu saa mbili asubuhi, mwanafunzi kasimama dirishani na fleshi yake, anataka nakala tatu za ripoti ya fildi. Nawasha kompyuta, kioo cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza: hakuna diski ya kuwashia. Nikazima, nikawasha. Yale yale. "Dada, nina basi la saa nne," akasema. Nikamwelekeza steshenari ya jirani huku roho ikiuma. Daftari langu la madeni lote limo humo.

Fundi wa mtaani akaja, akabonyeza F2 akaingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla Windows haijaanza, akakuta orodha ya diski tupu. Hata kifuniko hakufungua. "Imekufa hiyo, dada. Andaa elfu themanini." Sikuwa nazo, na huo ukata ndio ulioniokoa.

Alipoondoka nikachomoa umeme, nikafungua ubavu kwa bisibisi. Nikawasha tena, nikagusa diski kwa kiganja: inatetemeka kwa mbali, inazunguka vizuri, haigongi. Maiti gani huyo anayetetemeka? Basi umeme inaupata, ila data haipiti. Nikazima, nikahamishia waya wake kwenye tundu jingine la mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Bado. Ndipo nikaukumbuka waya wa kisomea DVD, ambacho sijakitumia tangu ninunue mashine hii. Nao ni SATA, aina ileile ya waya wa data, ncha zilezile. Nikauazima. F2, na jina la diski hilo hapo! Ule waya wa zamani ulikuwa umekatikia shingoni, na mhalifu namjua: ni mimi, juzi nikipuliza vumbi kwa blowa bila adabu.

Nikashangilia mapema. Windows ikaanza, ikapiga kioo cha bluu, ikajiwasha upya, ikarudia hivyo hivyo. Kurudi BIOS, tarehe inasema tuko mwaka 2015. Kumbe betri ya saa, ile CR2032 ya volti 3 iliyo kama sarafu, ilishakufa kimya kimya, na nilipochomoa umeme mipangilio yote ikarudi ya kiwandani. Diski imewekwa RAID, na Windows yangu iliingizwa kwa AHCI; hizo ni namna mbili tofauti za kompyuta kuongea na diski, ndiyo maana ikagoma. Betri mpya, elfu mbili. Nikarudisha AHCI, nikasahihisha tarehe, nikabonyeza F10 kuhifadhi.

Saa sita mchana daftari la madeni likafunguka. Wa tatu kutoka juu ni yule fundi: fotokopi, elfu sita, tangu mwezi wa tatu.