Muundi ulivyonifundisha kukimbia polepole

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 36, hapahapa Moshi. Nusu marathoni yangu ya kwanza ya Kilimanjaro nilitumia saa 2 na dakika 38, nikapania mwaka unaofuata niishushe chini ya 2:20. Kwa pupa hiyo, ndani ya wiki tatu nilitoka kilomita 15 kwa wiki hadi 40, zote kwa kasi, zote juu ya lami.

Wiki ya nne muundi wa kushoto ukaanza kuuma. Mwanzoni maumivu yaliisha nikishapata joto. Baadaye hata kushuka ngazi nilishika ukuta.

Mtaalamu wa fiziotherapia alipitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kuanzia karibu na kifundo kwenda juu. Paliuma eneo refu kama kiganja. "Afadhali, dada yangu," akasema. "Ingeuma sehemu moja ndogo tu, na maumivu yakuamshe usiku, ningehofia mfupa una ufa." Akanieleza kwamba pumzi huzoea mbio upesi, mfupa huchelewa. Nilikuwa nimeisikiliza pumzi peke yake.

Wiki tatu sikukimbia. Niliendesha baiskeli, na kila jioni nikasimama kwa vidole ukingoni mwa ngazi, nikipandisha na kushusha visigino, mara 15, awamu tatu. Nikarudi kwenye njia ya vumbi: dakika moja mbio, mbili kutembea.

Kukimbia polepole ndiko kulikonishinda kwa muda mrefu. Kipimo kilikuwa niweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, na kila aliyenipita nilitamani kumfukuzia. Lakini siku tatu kati ya nne nilikimbia hivyo. Moja tu ndiyo ya kasi. Baada ya miezi miwili, kukimbia huko huku nikiweza kuongea kulinifikisha mbali zaidi kwa muda uleule.

Njia ya nusu marathoni, kilomita 21, hupanda kuelekea Mweka, kisha hurudi mjini kwa mteremko. Mwaka wa kwanza niliteremka nikirusha miguu mbele, kila hatua ikigonga kisigino. Safari hii nilifupisha hatua, miguu ikatua chini ya kiwiliwili. Nikamaliza kwa 2:19.

Asubuhi yake, kabla ya chai, nilipitisha gumba kwenye muundi, kuanzia kifundoni hadi juu. Hapakuuma popote.