Alikotazama Mwalimu

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii nimekaa na Yohana 1:35-37. Yohana Mbatizaji amesimama na wanafunzi wake wawili, anamwona Yesu akipita, anawaonyesha: tazameni, Mwanakondoo wa Mungu. Basi wale wawili wanamwacha mwalimu wao palepale na kumfuata Yesu. Yohana hawaiti warudi.

Nikamkumbuka Etsuro Sotoo, mchongaji Mjapani mzaliwa wa Fukuoka. Mwaka 1978 alifika Barcelona, Hispania, akaona mawe yamerundikwa kwenye kanisa la Sagrada Família, akaomba kazi ya kuyachonga. Hakuwa Mkristo, kiu yake ilikuwa jiwe. Msanifu wa kanisa hilo, Antoni Gaudí, alifariki mwaka 1926 baada ya kugongwa na tramu. Miaka 10 baadaye vita vikazuka, michoro yake ikachomwa na mifano yake ya plasta ikavunjwavunjwa. Sasa utachongaje alichokusudia marehemu?

Sotoo alijitahidi kumwelewa Gaudí, na kila alipomkazia macho aligonga mwamba. Mwishowe, kama anavyosimulia mwenyewe, aling'amua kwamba hakupaswa kumtazama Gaudí, bali kutazama kule Gaudí alikokuwa akitazama. Akaomba ubatizo.

Malaika waimbaji na wapiga ala kwenye upande wa kanisa hilo uitwao Kuzaliwa kwa Bwana ni kazi yake. Mimi lakini hunivuta zaidi ile milango yake ya shaba. Ukisogea karibu unakuta majani juu ya majani, maua hapa na pale, na katikati yake vidudu vimejibanza, kama vile ambavyo sisi huvipangusa shambani bila kuviangalia mara mbili. Mtu ameketi akamchonga mdudu kwa ajili ya mlango wa kanisa!

Jumuiyani kwetu tulikuwa na katekista mzee, sasa ni marehemu. Alikuwa na kikohozi kidogo kabla ya kila fumbo la Rozari. Siku ya kwanza kuongoza baada ya maziko yake, nami nikajikuta nakohoa vilevile, hadi mama mmoja akaninong'oneza, "Mwache mzee apumzike."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mzee yule alisali macho yakiwa juu ya kabati la vyombo, palipopigiliwa msalaba mdogo wa mti. Miaka yote ile sikuwahi kugeuka.

Alhamisi ni zamu yangu tena. Nimeomba tukasalie kwa mjane wake. Msalaba ungali pale.