Siku moja ya deklara wa duane (mwenye kupitisha mizigo ya wateja kwenye forodha), uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi

6h00. Kabla ya chai naangaliaka simu kwanza. Mzigo wa mteja wangu mmoja, piesi za pompi kutoka Ujerumani, ulishuka jana na Ethiopian. Namba ya LTA, ile karatasi ya mzigo wa ndege, inaanza na 071, hiyo ndiyo kampuni ya ndege, kisha tarakimu nane. Ile ya mwisho nahakikishaka mwenyewe: kati ya hizo nane unachukua saba za mbele unagawa kwa 7, kinachobaki lazima kifanane nayo. Inafanana, basi naoga.

8h00, ofisini mjini. Hapa ndipo kazi yenyewe iko, na watu hawaamini. Fakture imeandika tu "piesi za mashine, karto 3" na bei moja chini. Sasa mimi nitadeklare nini? Kwenye tarifa ya duane kila aina ya mali iko na namba yake: beringi iko kwenye 8482, sili ya pompi iko 8484.20, zile piesi zingine za pompi 8413.91, kila moja na mstari wake, bei yake na uzito wake. Namuandikia muuzaji kule Ujerumani atume fakture yenye kuelezwa vizuri, na namba ya kila piesi kama ilivyochongwa kwenye chuma. Wauzaji wengi wanaona ni usumbufu, lakini mzigo umesafiri siku chache tu na unaweza kulala depo wiki nzima juu ya neno moja, na depo inalipisha.

9h30 mteja anapiga. "Papa, karto hii kubwa ina kilo 35, mbona nimelipishwa 80?" Namwambia Mama, chukua metre upime: sentimita 100 kwa 80 kwa 60, zidisha, gawa kwa 6000, inakupa kilo 80. Ndege inauza nafasi pia, ukifunga kitu kidogo ndani ya karto kubwa unalipia hewa. Na haiishii hapo, maana duane inahesabu ushuru juu ya bei ya mali pamoja na usafiri na asiransi, halafu TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% inakaa juu ya hiyo yote pamoja na ushuru wenyewe. Karto ingekuwa ndogo angelipa kidogo kila mahali. Alinyamaza, akasema next time ataomba vipimo mbele. Nilifurahi sana kusikia hivyo.

11h00 fakture mpya imefika, naingiza deklarasyo mu Sydonia, programu ya kompyuta ya duane. Inatoka sirkwi nyekundu, maana yake watafungua mzigo (ya njano wanaangalia makaratasi tu). Teksi, Luano.

Kwenye depo tuko na verifikateri wa duane na ajenti wa OCC, ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa mali. Wanakata karto, ndani kuna karatasi yenye mafuta, beringi inang'aa. Verifikateri anaigeuza polepole, anasoma namba kwenye pete, mimi nasoma fakture, zinafanana herufi kwa herufi. Ya pili pia. Ya tatu pia. Anasaini. Na ile fakture ya asubuhi tungekuwa bado tunabishana.

Bukari na tomson haraka haraka, kisha banki kulipa bulletin, ile karatasi ya hesabu ya ushuru, foleni ndefu kweli, narudi na kitansi.

16h30 bon ya kutoka iko mkononi, fundi wa Mama anapakia karto kwenye pick-up anaondoka mbio, pompi imesimama tangu juma lililopita.

17h15 narudia meza kwa ya kesho: dawa za baridi, zinatakiwa kubaki kati ya digri 2 na 8, hizo haziwezi kungoja karatasi hata saa moja. Niliomba draft ya LTA na otorizasyo ya ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo, kabla ndege haijapakiwa. Vyote vimefika, uzito unafanana na paking list, jina la kila dawa liko. Nimewajibu wenye kutuma: pakieni.