Watafiti wakishamaliza, warudi skuli basi

Jamani mie natamani SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, na wale wataalamu wa bahari wa Buyu washikane kweli na skuli za vijiji vya Paje na Jambiani huku Unguja, maana kilimo cha mwani kimeanza huko tangu 1989 na watoto wamekulia humo humo, wanaujua ule mwani wa aina ya kotonii, maji yakipata moto unageuka mweupe, unakatika, kamba inabaki tupu. Wapeni themomita na daftari, siku za bamvua, maji yakitoka sana, washuke na mama zao wapime joto la maji, mwaka mzima, mtafiti wa mjini peke yake hawezi hivyo. Kinachoniuma dodoso tunajaza, majibu hayarudi. Mwalimu wa sayansi asomewe matokeo kwa Kiswahili, na jina lake liwemo kwenye ripoti, keshafanya kazi yule.