Wazee Wapiga Punda

Harufu ya maka peni haijabadilika. Juzi binti wa kaka yangu, yule wa maswali, aliniingilia dukani na karatasi ya manila kwapani, akaitandaza juu ya kaunta bila kuomba ruhusa, akang'oa kifuniko cha kalamu kwa meno. Ile harufu kali ikanipanda puani, na kabla hajaandika herufi moja mie nilikuwa nimeshafika uwanja wa Mkunguni, Lamu, mwaka 1998, nimevaa kikoi cha kuazima, na wazee watatu wananitazama.

Yeye alitumwa kuandika tangazo la madrasa. Juu kabisa akaweka TANGAZO, akalipigia mistari miwili chini yake.

"Ami, sasa hapa chini niandike nini?"

Nikamwambia alifute kwanza hilo TANGAZO. Karatasi iliyobandikwa ukutani kila mtu anaijua ni tangazo. Hakuna atakayedhani ni chapati. Akanitazama kwa jicho la mtu asiyeamini kwamba mie nina la kumfundisha. Ana haki yake.

Gazeti letu lilikuwa ubao. Mliokuwapo mnaukumbuka: vipande vya mbao za jahazi bovu vilivyopigwa misumari, vikasimamishwa kando ya ngome, si mbali na wacheza bao. Ngome yenyewe ilikuwa jela hadi 1984, na sisi vijana tulipenda kujigamba kwamba pale palipofungiwa watu sasa panafunguliwa habari. Maneno makubwa kwa ubao wenye wahariri wanne na kalamu mbili, moja imekauka.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshajaribu magazeti ya kweli. Naandika kurasa tatu, navuka hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, nampa bahasha kondakta wa basi, na basi lenyewe lasafiri na askari wenye bunduki kwa sababu ya mashifta, wale majambazi wa njiani, kisha narudi nyumbani kungoja wiki mbili, tatu. Kichwa changu cha habari cha kwanza kilikuwa hiki: "Habari Kuhusu Tatizo la Ukosefu wa Maji Linalowakabili Wakaazi wa Mtaa wa Langoni Mjini Lamu". Nakikumbuka neno kwa neno kwa sababu kilirudi. Mhariri alikuwa amekata maneno yote kwa wino mwekundu akabakisha mawili, Maji na Langoni, na pembeni ameandika: Nani kafanya nini? Cha pili nikakifupisha nikaandika "Maji, Langoni". Nacho kikarudi. Cha tatu hakikurudi wala hakikuchapishwa, na mpaka leo sijui kama kilifika au kiliishia njiani, Garsen.

Kilichoniokoa ni bajia. Muuzaji alikuwa akizifunga kwa kurasa kuukuu za Taifa Leo, nami nikawa naramba mafuta huku nasoma vichwa vya habari. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho darasani sikukisikia. Gazeti halisemi polisi wamenasa, halisemi walinasa. Lasema polisi wanasa. Waziri azuru. Mbunge akana. Wavuvi walia. Ile -a- ndogo ya wakati imemezwa na kiambishi, wa-a-nasa ikawa wanasa, hata huioni, na jambo la juzi linakuwa linatokea sasa hivi mbele yako. Tena yaokoa nafasi, na sisi wenye maneno marefu nafasi twaihitaji. Neno halmashauri peke yake laweza kujaza safu nzima. Ndiyo maana waandishi hukimbilia baraza.

Nikalewa. Mwezi mzima nyumbani kwetu kila kitu kikawa kichwa cha habari. Paka aiba dagaa. Mama apika wali. Mama alivumilia mpaka siku niliyotangaza Mama anyima mwana pesa, akanijibu bila kuinua uso kutoka kwenye mbuzi ya kukunia nazi: "Mama afukuza mwana."

Basi wiki ile wazee wa mtaa walikuwa wamekubaliana kwamba punda wasiingizwe sokoni asubuhi. Punda walikuwa wakila mchicha wa watu, na mmoja alitumbukiza kichwa ndani ya kapu la maembe la bibi asiye wa kuchezewa. Habari ndiyo hiyo tu. Alhamisi usiku nikakaa na manila yangu, maana Ijumaa ndiyo siku ya wasomaji: watu wakitoka msikitini hupita Mkunguni taratibu, hawana haraka. Nikaandika kwa herufi za kiganja kizima: WAZEE WAPIGA PUNDA. Nikapiga hatua tatu nyuma nikaangalia. Pazuri. Ila karatasi ilikuwa imekwisha. Marufuku lina herufi nane, halikuwa na pa kukaa. Nikalishusha chini pamoja na sokoni, kwa herufi ndogo kidogo, nikalala.

Siku ya pili, baada ya sala, nilikuwa nimesimama mbali kidogo na ubao, nikijifanya nanunua kahawa. Ndivyo ilivyo kwa mwandishi: hataki kuonekana anatazama akisomwa, na hataki kukosa kuona. Watu wakasimama. Wakawa wengi. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani ni furaha ya kupata habari. Kisha watoto wakaanza kuimba, kwa makofi, wa-ze-e wa-pi-ga pu-nda, wa-ze-e wa-pi-ga pu-nda, na kijana wa hospitali ya punda, ile iliyoko ufuoni tangu 1987, akatokea na daftari mkononi akiuliza kwa upole kabisa wamepigwa punda wangapi.

"Ndoo, mwanangu."

Alikuwa mmoja wa wale wazee wa mtaa, mzee wa fimbo, akiniita nije kwa Kiamu chake, ameketi na wenzake wawili katika kivuli cha mkungu. Nikaenda, nikambusu mkono. Hakuurudisha haraka kama kawaida yake, aliushika wangu.

"Kitwa hiki umekiandika wewe?"

"Ni mimi, babu."

"Kisome."

Nikakisoma kwa pumzi moja, mbio, kama mtu avukaye ng'ambo mvua inanyesha: wazee-wapiga-punda-marufuku-sokoni.

"Siyo. Kisome ulivyokiandika."

Akainuka, akaniongoza mpaka ubaoni, watu wakatupisha. Yeye khati za Kiarabu alizisoma kama anayekunywa maji. Hizi herufi za skuli alizifuata kwa ncha ya fimbo, moja moja. Fimbo ikapita juu ya WAZEE. Ikapita juu ya WAPIGA. Ikafika PUNDA, ikagonga ubao mara moja, tak, ikatulia.

"Hapa umefika wapi?"

"Mwisho wa mstari, babu."

"Na mt'u akifika mwisho wa mstari hufanya nini?"

Nilijua jibu. Nilitamani nisilijue. "Hupumua."

"Basi nasi tumepumua." Fimbo bado ipo pale pale, chini ya A ya mwisho. "Wapiga kura twawajua. Wapiga ramli twawajua. Wapiga zumari wakipita twawasikia. Niambie, mwanangu, wapiga punda ni kina nani?"

Watu wakaangua. Nami ndipo nikaiona ile -a- yangu niliyoipenda, iliyofichika hata haionekani. Imefichika mno. Wapiga yangu haikuwa tena jambo lililotendwa jana, ilikuwa kazi ya mtu, cheo chake, kama angeambiwa wazee wavuvi au wazee mafundi. Mzee wa pili alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kilemba. Wa tatu ndiye aliyewaka. Alisema nimewavunjia heshima mbele ya umma, nimezua, karatasi ichanwe na ubao uvunjwe kuni. Na huyo wa tatu, Mungu anisamehe, punda wake alikuwa na alama mgongoni ambazo mji mzima ulizijua. Kijana wa hospitali alimtazama yeye, akatazama ubao, akafunga daftari lake polepole bila kuandika. Nimemfikiria sana kijana yule. Nafikiri ndiye msomaji pekee siku ile aliyesoma sawasawa.

Mzee wa fimbo hakumjibu mwenziwe. Alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo yacheza. Wa, ze, e. Wa, pi, ga. Pu, nda. Akarudia tena. Uso ukambadilika.

"Nane," akasema. "Mizani nane kamili. Umenitusi kwa kipande cha utendi."

Sikujua niombe radhi au nishukuru.

Akanieleza pale pale, wamesimama watu, kwamba kipande cha utenzi kikikamilika mizani yake basi na maana yake iwe imetimia, kwa sababu msikizaji hatakungoja. Ukimwachia nusu ya maana ataondoka na hiyo nusu. Kisha akaagiza manila igeuzwe upande wa pili. Maka peni haifutiki. Akasimama nyuma yangu akinisomea, nami naandika, na watu wakihesabu naye:

PUNDA SASA MWISHO NGOME
SOKONI HAPAINGIKI

Nane kwa nane. Herufi za ukubwa mmoja. Mzee wa tatu akanyamaza, watoto wakatawanyika, mtu akaninunulia kahawa na kipande cha halwa. Nikarudi nyumbani nikijiona nimesomeshwa na bahari yenyewe.

Hapa ningependa kuikatiza hadithi.

Lakini Jumamosi asubuhi soko lilikuwa tupu. Mstari wa pili ulikuwa umetembea peke yake usiku kucha, mdomo kwa mdomo, kutoka Langoni hadi Mkomani, na huko Mkomani ulifika bila punda wake: sokoni hapaingiki. Kwa nini hapaingiki? Wengine walisema kuna ukaguzi, wengine wakasema kuna ugonjwa. Wake wa watu walituma watoto dukani kununua kunde kavu. Punda ndio waliokuja sokoni kama kawaida yao, kwa kuwa punda hawasomi, na siku ile walikula mchicha bila kusumbuliwa na mtu. Saa nne yule bibi wa maembe alifika mlangoni petu na matita mawili ya mchicha ulionyauka, akayatua mbele ya mama akasema, "Huyu mwandishi wenu, mpikieni."

Tuliula siku tatu.

Mzee wa fimbo nilikutana naye Jumatatu ufuoni. Nilidhani atasema neno. Alinipita, akasimama, akageuka nusu. "Mizani ilikuwa sawa," akasema, akaenda zake.

Yaliyofuata mnayajua, nimeshayaandika: nikaajiriwa, nikaachishwa, nikaajiriwa tena, mpaka hili duka. Katika hayo yote nilijipatia mazoea mamoja tu. Naziba mstari wa pili kwa kiganja, nausoma wa kwanza kwa sauti ya mtu anayenichukia. Kisha naziba wa kwanza, nausoma wa pili kwa sauti ya mtu mwenye haraka. Yamenisaidia mara nyingi. Mara nyingine hapana.

Tarehe 2 Machi 2012, walipokuja Rais Kibaki, Rais Salva Kiir na Waziri Mkuu Meles Zenawi kuzindua ujenzi wa bandari, mie nilikuwa na kichwa changu tayari hata kabla hawajashuka: LAMU YAPATA BANDARI. Mstari mmoja, hauna pa kukatikia. Nikahesabu mizani: nane. Kilichapishwa kama nilivyokiandika, herufi kwa herufi, na siku gazeti lilipofika nikampelekea mzee wa fimbo, wakati huo fimbo yaenda mbele yake kama kiongozi wa kipofu. Nikamsomea, kwa kuwa mato yalikuwa yameshamwacha. Akanyamaza muda mrefu.

"Yapata," akauliza, "au yapatwa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, miaka tisa baada ya mie kutangaza kwamba tumeshapata. Mzee alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mara moja moja huwauliza wavuvi wanaokuja kutoa kopi za karatasi zao hapa dukani lile swali lake, na majibu hayalingani.

Binti alikuwa amemaliza. Nilimfundisha ile -a-, sikuweza kujizuia, na mtoto ana kichwa chepesi. Herufi zake nzuri kuliko zangu, nene, zimenyooka:

WAZAZI WACHANGA
MIKEKA YA MADRASA

"Ziba huo wa chini kwa mkono," nikamwambia. "Sasa soma."

Akaziba. "Wazazi wachanga," akasoma. Akatulia. Akasoma tena polepole, akaanza kucheka mpaka akakaa chini kwenye katoni ya karatasi. "Wazazi wachanga! Ami, mamangu ataniua!"

Ikabidi nimweleze yote, punda, mizani, mchicha, na yule wa tatu mwenye hasira. Alisikiliza akiwa amefungua kalamu, harufu imejaa duka zima. Nilipomaliza akainua macho juu ya mlango, pale ambapo tangu 2014 nimeandika neno moja kwa rangi ya bluu.

"Ami," akasema, "ndiyo maana duka lako limeandikwa DUKA tu?"